Sekunde Kumi na Mbili za Kuvuka

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, maana kuna sauti ya mkongojo ulioanguka kwenye lami, ko, mara moja tu, na tangu Jumanne hata kijiko kikianguka nyumbani kinanirudisha pale. Kazi yangu ni kupanga muda wa taa za barabarani, na mwezi uliopita mkuu wangu, ambaye ni mjomba wangu na ndiye aliyenitafutia kazi hii, aliniambia nipunguze taa ya kijani ya waendao kwa miguu kwenye makutano ya sokoni kwa kuwa foleni ya magari ilikuwa haiishi, nikaenda na saa mkononi, nikavuka mara tatu, nikapata sekunde kumi na moja, nikaweka kumi na mbili, na nikajiona mkarimu kwa ile moja. Nilivuka kwa miguu yangu, mshauri, miguu ya msichana wa miaka ishirini na minne, nimevaa raba.

Jumanne nilimwona bibi mshonaji wa pale kona akianza kuvuka na mkongojo wake taa ikiwa ya kijani, alipofika katikati ikageuka nyekundu, na pikapu iliyokuwa mbele ikachomoka, ikamgonga. Amevunjika nyonga. Ripoti inasema alivuka kwenye nyekundu. Nilikwenda hospitalini nikaishia mlangoni, nikamsikia mwanawe akimgombeza, "Mama, haraka ya nini?" naye anajibu, "Niliona ya kijani, mwanangu. Labda macho yamekwisha."

Macho yake ni mazima. Mjomba anasema, "Mpwa wangu, bibi atapona. Kazi ikienda hairudi." Nifanye nini?

Mpima Taa

Binti yangu,

Pole, umeona jambo zito. Lakini hebu niambie: wakati unaniandikia barua ndefu hivi, taa zile zilikuwa zinatoa sekunde ngapi? Kumi na mbili! Yaani umenikumbuka mimi kabla ya wanaovuka leo.

Kupima kwa miguu yako ni kosa la ujana. Kumwacha mtu mzima ayasingizie macho yake huku unajua ukweli ni ukatili, na unaurudia kila asubuhi. Kabla hujanywa chai, rudisha sekunde. Kisha andika maelezo, uyapeleke kwa wanaochunguza ajali, ubaki na nakala. Mjomba mwambie asije akasikia barabarani, ila usimwombe ruhusa. Halafu ingia wodini. Usiende kulia, machozi yako yatampa bibi kazi ya kukubembeleza.

Mshauri,

Nilimwomba mzee anayetembelea fimbo avuke nami: sekunde ishirini na sita. Nimeweka thelathini. Maelezo yangu yamepokelewa na kupigwa muhuri. Mjomba hanisemeshi.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi ngoja mwanangu aje, umwambie mbele yangu."

Nilingoja kwa saa mbili. Nimemwambia.