Alama Nyeupe za Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeanza hivi kwa mazoea, ingawa najua hakuna wa kuniitikia.

Wiki hii nimezunguka maeneo yako yote. Nimepewa kazi ile uliyoifanya mpaka ukastaafu, ya kukagua mapango yenye michoro na makorongo ya kale. Nilianzia Masakta. Lile korongo la majivu ya volkano limeliwa na mvua, lakini matabaka yake bado yanaonekana, mekundu, meupe, meusi, kama ulivyonionyesha nikiwa shule ya msingi huku ukinimenyea viazi vya kuchemsha. Nikadhani kazi yote itakuwa mteremko.

Hirbadaw ndiko nilikolia. Ulipaka alama ya rangi nyeupe kwenye kila jiwe la hifadhi, ili watu wajue haliguswi. Watu wameisoma kivyao. Wanasema ni alama ya Wajerumani, na penye alama pana dhahabu iliyofukiwa. Wamechimba, Baba. Wamewasha moto kulipasua jiwe, na wanyama wote waliochorwa pale wameanguka vipande vipande. Mama wa shamba la jirani aliniuliza, "Na wewe mwanangu umekuja kuchimba?"

Sikukukasirikia. Hapana, nilikukasirikia kidogo. Uliyapenda mno yale mawe.

Dirma kumesalimika. Twiga wako anayegeuka nyuma yupo, kwa sababu kichaka kimeificha alama. "Mwache apumzike," ulikuwa ukisema kila nikinyoosha kidole kumgusa.

Kwenye begi nilikuwa na kopo la rangi. Agizo ni kupaka upya alama zote. Nikasogeza matawi, nikaiona ya kwako kwenye jiwe la mlangoni, rangi imechuruzika upande mmoja, vilevile ulivyopaka milango ya nyumbani. Ndiyo alama ya mwisho ya mkono wako huku porini. Nikaokota jiwe, nikaikwangua mpaka ikaisha. Nilikuwa nalia, lakini sikuacha.

Kesho nitamweleza bosi kwa nini kopo limerudi limejaa. Akifoka, afoke. Nakuahidi nitakuja kumtazama twiga wako kila masika yakiisha, na nikiondoka nitayarudisha matawi yalivyokuwa.

Lala salama, Baba. Twiga nimemwacha apumzike.

Mwanao,
Paskalina