Dawa ya Ng'ombe, Uso wa Yaya

Jumapili, 2 Septemba 2018

Uso unawaka tena. Nimeunawa kwa maji ya baridi, ambayo Dubai mwezi huu ni ya uvuguvugu hata ufungue bomba lipi. Vipele mashavuni na puani. Si chunusi. Nina miaka thelathini na sita, chunusi nilizimalizia kwetu Kongwa.

Kazi kama kawaida. Shamma na uji, Shamma na kuoga, Shamma kukataa viatu. Ana miaka miwili na hawezi kulala mchana bila kuweka kiganja shavuni kwangu. Leo kilinichoma kama pasi. Sikukiondoa. Madam akapita mlangoni, akatuona. Akarudi na vile vitambaa vyake vya dawa, akamfuta mwanawe mkono akiwa usingizini, kidole kimoja kimoja. Hakusema neno.

Imeniuma. Heri angesema.

Jumatatu, 3 Septemba

Mercy, mpishi wetu, Mkenya wa Nakuru, kaniambia niache mkorogo. Nikamwambia sijawahi kupaka mkorogo maishani, weusi huu nimerithi kwa baba na naupenda. Haamini. Kwao na kwetu, mwanamke akiharibika uso ni mkorogo tu, hakuna ugonjwa mwingine.

Madam kanipa ruhusa ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Kasema wazi: kama ugonjwa huu unaambukiza, nitarudishwa kwa wakala kabla mwezi haujaisha. Sikumchukia. Mtoto ni wake. Ila sitaki kufikiria mtu mwingine akimlaza Shamma.

Jumatano, 5 Septemba

Daktari ni mama wa Kihindi, mpole, anaongea kwa haraka. Ugonjwa wangu unaitwa rozasia. Hauambukizi. Hauponi moja kwa moja, unatulizwa. Akatumia neno la Kiingereza, inflammation, ambalo kamusi ya simu inaliita uvimbe, lakini mimi sijavimba. Nitauita moto wa ndani.

Kunizimia huo moto kuna njia. Vidonge vya antibayotiki, vinavyosumbua tumbo. Krimu kali za steroidi, ambazo alinikataza kwa kidole: uso utatulia siku chache, ngozi itakuwa nyembamba, ukiacha moto unarudi na ndugu zake. Halafu kuna krimu mpya. Mara moja kwa siku, wiki nyingi, na mwanzoni hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Hakuniahidi kitu. Hilo lilinifanya nimwamini.

Akanitajia jina: ivamektini. Nikacheka mbele yake kwa sauti. Baba yangu ana chupa ya ivamektini juu ya kabati, anawachoma nayo sindano ng'ombe wenye upele na minyoo! Daktari akasema ndiyo, dawa ni hiyo, ila hii imetengenezwa kwa ngozi ya mtu, na nisithubutu kugusa ya ng'ombe. Inatuliza moto, na inapunguza wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye vinyweleo. Kila mtu anao, akasema. Ngozi yangu tu ndiyo haipatani nao.

Nikatoka nikiwa mwepesi. Garini nikamsimulia Mzee Khamis, dereva, Mzanzibari: nimepewa dawa ya ng'ombe, ya kuua wadudu usoni. Alicheka mpaka akapitiliza njia ya kuingilia Al Warqa, mtaani kwetu.

Alhamisi, 6 Septemba

Ulimi hauna mfupa.

Asubuhi madam alimuuliza Mzee Khamis daktari kasema nini. Kiingereza changu kinamchosha na Kiarabu cha mzee anakiamini. Mzee, kwa nia njema kabisa, akaeleza. Kufika kwenye "wadudu" akakosa neno. Akajiambia Kiswahili nusu yake si Kiarabu? Akasema "dud". Kumbe kwa Kiarabu dud ni minyoo. Funza. Madam kaambiwa yaya wake ana funza usoni na kapewa dawa ya ng'ombe.

Nilisikia ukelele nikiwa jikoni. Godoro la Shamma limetolewa nje juani. Nimekatazwa kumgusa mpaka madam aonane na daktari mwenyewe, tarehe kumi na nane. Nimehamishiwa kwenye kufua na kupiga pasi.

Mzee Khamis alikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Neno limeniponyoka, wallahi."

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mdomo wangu, ulioona utani ni bora kuliko kunyamaza.

Ijumaa, 14 Septemba

Shamma analia mchana. Madam anajaribu kumlaza, anashindwa. Nasikia yote kutoka chumba cha kufulia. Napiga pasi nguo ambazo tayari zimenyooka.

Mercy kaniwekea tyubu mkononi. "Debora, wacha kujitesa, bana. Hii paka siku tatu tu, Tuesday uso utakuwa safi, madam atatulia, form imeisha." Nimesoma maandishi ya pembeni. Ni steroidi, ileile ya kidole cha daktari.

Sijamrudishia. Nimekaa nayo kitandani nikiipima. Krimu yangu mpya bado haijafanya chochote ila kuwasha. Hii ya Mercy najua itafanya. Jumanne ningekwenda na uso laini. Madam angeona kwa macho yake, na macho hayahitaji mkalimani. Halafu? Ningepaka wiki ijayo, na mwezi ujao, na siku nikiacha uso ungelipuka Shamma akiwa kaulalia.

Nikakumbuka mnada wa Kongwa. Kuna watu humlambisha ng'ombe chumvi usiku, asubuhi anakunywa maji hadi tumbo linajaa, mnunuzi anadhani kanona. Kufika nyumbani ng'ombe anakojoa, anabaki mbavu. Baba hakuwahi kufanya hivyo, na mara nyingi alirudi na ng'ombe wake hajauzwa. Nikiwa mdogo nilimwona mjinga. Leo sijui. Mjinga huyo alikuwa na ng'ombe wake, mimi nina mtoto wa mwenzangu.

Jumapili, 16 Septemba

Nimemrudishia Mercy tyubu. Kaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekataa lifti jangwani.

"Unaenda kwa daktari na madam ukiwa na hiyo sura?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Maneno makubwa. Kisha nimejitazama kwenye kioo na nimelia. Uso umechafuka kuliko wiki iliyopita. Naogopa sana.

Jumanne, 18 Septemba

Kwa daktari, madam aliuliza swali moja tu: funza wako wapi? Daktari hakuelewa. Nikaeleza habari ya dud, kwa Kiingereza changu hichohicho kinachochosha. Daktari akavua miwani akacheka, kisha akaacha alipoona madam hacheki.

Akamweleza taratibu. Hakuna funza. Kuna wadudu wasioonekana kwa macho, kila mtu mzima anao usoni. Ugonjwa hauambukizi, mtoto anaweza kulala shavuni kwangu kila siku.

"Mimi ninao," akasema. "Na wewe, madam, unao."

Madam akagusa shavu lake. Nikatazama sakafu kwa nguvu zangu zote, maana ningecheka ningekuwa nimejifukuza mwenyewe.

Tukarudi nyumbani. Mzee Khamis aliendesha kama amebeba mayai. Madam alifungua kioo cha mkobani, akajitazama, akakifunga. Baada ya kidogo akakifungua tena. Hakusema kama nabaki.

Ijumaa, 28 Septemba

Nabaki. Kaniita sebuleni asubuhi, bila kunitazama: nirudi chumbani kwa Shamma. Ila mtoto asiniguse uso. Daktari kasema, sawa, lakini yeye ni mama.

Nimeshukuru na nimeumia, vyote kwa pamoja. Mchana Shamma alinyoosha mkono. Nikauchukua nikauweka begani kwangu. Akaurudisha shavuni. Nikauondoa tena. Alinitazama kwa mshangao, kisha akalia hadi akalala. Hii ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya nyumba hii.

Jumatano, 10 Oktoba

Leo nimekunywa chai ya moto, niliyokatazwa na daktari, kwa kusahau, na uso haukuwaka. Uliwaka kidogo. Vipele vya pua vimepungua, vya mashavuni bado. Sijui ni krimu, au joto la nje limeanza kupungua, au ni kwa kuwa nimeacha pilipili ya Mercy. Daktari kaniambia nisihesabu ushindi mapema. Nahesabu kidogo, moyoni.

Mzee Khamis kaniletea halua. Nimeipokea. Nimemwita Mzee Dud, akacheka, yameisha.

Jumamosi, 20 Oktoba

Shamma alikuwa na mafua, hakutaka bega wala mkono. Alinipandia kifuani mwenyewe, akabandika kiganja shavuni, akalala papo hapo. Nilipaswa kukiondoa. Sikuweza. Shavu bado lina vipele vitatu vinne, lakini halikuniuma.

Nikafumbua macho, madam yuko mlangoni. Sikujua kasimama tangu lini. Akageuka akaenda, nikasikia kabati la ukumbini likifunguliwa. Nikajua anafuata vitambaa vyake. Nikaanza kuuinua mkono wa mtoto.

Akarudi na shuka. Akamfunika Shamma mpaka mabegani, bila kuugusa ule mkono, akazima taa akatoka.

Shuka lilikuwa kubwa. Lilinifika na mimi.