Kodi Mbili za Bi Salha

Ibra, Jumamosi 8 Novemba. Asubuhi ya ubaridi, hakuna wingu.

Marahaba, Zuwena. Hatujambo sote, babako kahamishiwa kazi Nizwa.

Umeniuliza, Ijumaa ijayo ukiwapigia gitaa Waayalandi jigi zao, hizo ngoma zao za kuchezea, ubadilishe kodi wapi, yaani nyuzi unazobana pamoja zitoe sauti moja, usiwaharibie. Ujanani Unguja, kwenye harusi, mpiga gitaa hakufika, nikakalishwa mimi. Nilijua kodi mbili tu, na wimbo siujui. Nikayatazama mabega ya mwimbaji, Bi Salha. Akivuta pumzi, nabadilisha. Wanawake wakainuka kumtunza pesa. Akaniambia, "We mtoto, leo nimepata nafasi ya kuimba!"

Mazoezi uliyonitumia nimeyasikia: kodi tatu tu, na fidla inatamba. Umeshajua kumwachia mwenzio nafasi, mjukuu wangu. Jana niliyarudia, nikalala saa sita, najivuna peke yangu.

Bibi yako