Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Mbeya

Leo Bwana Kapteni, afisa mstaafu wa jeshi, amekuja karakana yetu ya useremala na boksi. Limetoka Ulaya kwa meli. Ndani vipande vya mbao laini, magurudumu ya madini ya risasi, karatasi ya maelekezo. Ukiunganisha unapata lori la jeshi, urefu wa kiganja! Kwake ana rafu nzima ya vifaru na mizinga midogo, lakini vidole vyake siku hizi vimekakamaa. Akasema, Jailos, wewe ndiye uliyeendesha haya Burma wakati wa vita, litengeneze lilivyokuwa hasa.

Nikasema ndiyo Bwana. Tena kwa furaha! Sasa nimekaa nalitazama, na kopo la gundi sijalifungua.

Alhamisi, 5 Agosti

Kazi inakwenda. Turubai nimekata kwenye shati kuukuu, nikalichemsha kwenye majani ya chai lishike rangi. Madebe ya petroli — bati la kopo la sigara, manne, kila moja dogo kuliko ukucha. Tope la Burma ni unga wa mbao, gundi na udongo mwekundu. Mke wangu Tusajigwe amecheka: Baba Esta, mtu mzima unachezea gari! Kisha akainama, akatazama muda mrefu, akasema litanguruma sasa hivi.

Nilifurahi. Halafu nikakumbuka bado milango.

Jumamosi, 7 Agosti

Kapteni amekuja kuona. Amelizungusha, ameguna kwa kuridhika. Halafu akauliza, mbona milango yote mizima? Malori yote niliyoyaona kule yalikuwa na makovu.

Nikaangusha brashi. Hakujua anauliza nini.

Sijaandika jambo hili popote. Naliandika.

Mlango wa kushoto wa lori langu kule Burma haukuwa mzima. Niliugonga kwenye mwamba nikirudi nyuma, uzembe wangu mwenyewe. Kitasa kikafa. Niliogopa kuripoti — wangenivua tepe langu. Nikaufunga kwa waya kwa nje, nikausokota kwa koleo, nikapaka tope juu. Marcelino, mwenzangu wa kukaa kushoto, alicheka tu. Alisema haya, nitapitia kwako.

Kesho yake, kwenye kona, bomu likapiga mbele yetu. Injini ikashika moto. Mimi nikafungua mlango wangu nikaruka. Yeye mguu ulibanwa na kreti iliyoanguka pale katikati, hakuweza kuja upande wangu. Akawa anapiga mlango wake kwa bega. Nilikuwa mtaroni, hatua kumi. Koleo iko mfukoni. Aliita, "Jailos, waya! Waya!" Mara nyingi. Sikwenda.

Afisa nilimwambia nilijaribu, moto ukanishinda, mikono ikaungua. Akaandika hivyo kwenye barua ya kwao Marcelino, Igowole. Miaka kumi sasa wananishukuru.

Jumanne, 10 Agosti

Benedicta amefika na basi la Iringa. Mjane wa Marcelino. Kila mwaka baada ya mavuno baba mkwe wake, Mzee Joachim, humtuma kwetu na gunia la maharage na salamu. Kila mwaka nayapokea. Nayala!

Ameliona lori mezani. Akaacha hata kunywa chai.

"Shemeji, yeye alikuwa anakaa wapi?"

Nikamwonyesha, kushoto. Akapitisha kidole dirishani, akakigusa kile kiti cha mbao. Halafu akajaribu mlango. Wa dereva nimeuwekea bawaba za ngozi, unafunguka. Wa kushoto haukufunguka.

"Huu mbona mgumu?"

"Gundi," nikasema. "Haijakauka."

Hata uongo mwingine mpya nikauongeza, kwa mjane, nyumbani kwangu, mbele ya gunia lake.

Akasema Mzee amezeeka sana, angefurahi kuliona kabla hajafa. Tusajigwe akadakia: si ukamwombe Kapteni? Nimekwenda. Nilitamani akatae. Amekubali wiki nzima, na boksi la kulibebea akanipa.

Jumatano, 11 Agosti

Sikufanya kitu. Nimeranda ubao uleule mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Fundi mwenzangu akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeufunga mlango wa kushoto kwa waya. Uzi mmoja wa shaba, kutoka kitasa mpaka nguzo ya mlango, nikausokota mara tatu kama siku ile. Kisha nikampeleka Benedicta uani, nikamwambia yote. Sikujipunguzia. Nilipofika pale alipoita, nikarudia mara mbili.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha. Jani moja, jingine. Akauliza:

"Koleo ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa suruali. Huu wa kulia."

Akautazama mfuko wangu — suruali nyingine kabisa, lakini aliutazama. Nilitaka anipige. Anitukane kwa Kihehe, Tusajigwe asikie, majirani wasikie. Akakung'uta majani mapajani, akasimama.

"Jambo hili si la kuniambia mimi peke yangu, Jailos. Jumamosi tunapanda basi wote. Utamwambia baba."

Hakuniita shemeji.

Jumamosi, 14 Agosti. Igowole

Safari yote boksi lilikuwa mapajani mwangu, yeye dirishani. Vumbi tupu. Baridi ya huku inapita hata ya Mbeya.

Mzee Joachim alitoka mpaka njiani na fimbo yake. "Kamwene, mwanangu! Kamwene!" Akanishika mikono yote miwili. Akaigeuza viganja juu, akaileta karibu na macho, akapapasa kwa kidole gumba kama anatafuta kitu.

"Mungu amekuponya vizuri," akasema. "Hakuna hata kovu."

Benedicta alikuwa nyuma yake na mzigo kichwani. Alisikia. Mimi nikasema, "Ndiyo, baba."

Ndiyo, baba! Hayo ndiyo yaliyonitoka.

Walisali kabla ya chakula. Jina langu limo katika sala yao. Wanalitaja baada ya la Marcelino, kwa mazoea, kama watu wanaolitaja kila siku. Nilitaka kusema palepale. Nikaletewa ugali na paja la kuku.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria leo, watu wengi kanisani. Mimi Mmoravian nilikaa nyuma. Baada ya misa Mzee alisimama mlangoni akiwaalika watu nyumbani kwake, mmoja mmoja. Nilidhani ni chakula cha sikukuu. Sasa naona mabenchi yametolewa nje. Lori liko mezani juu ya kitambaa cheupe. Watu kama thelathini, na katekista. Mzee anataka nisimame niwasimulie jinsi nilivyopigana na moto kumwokoa mwanawe. Amengoja miaka kumi wasikie kutoka kinywani mwangu.

Nimejificha nyuma ya jiko, naandika kwenye goti. Benedicta amekuja.

"Wanakusubiri."

"Umemwambia chochote?"

"Hapana. Huo mzigo ni wako."

Nikamwambia mbele ya watu wote siwezi, nimwite Mzee pembeni. Akasema yeye mwenyewe alisomewa barua ile ya kifo mbele ya watu.

Basi la Mbeya hupita barabarani saa nane. Saa nane bado kidogo. Njia ya shambani inashuka hadi barabarani, hakuna wa kuniona. Benedicta ameshika mfuko wangu wa nguo, aliutoa ndani mwenyewe. Ananyoosha mkono nao. Sijui ananipa nikimbie, au ananionyesha kwamba anajua nitakimbia.

Huko mbele wamekaa tayari. Mzee ameita jina langu. Ameita tena, kwa furaha, kama anaita mtoto.

Nimeitika. Miguu bado haijatoka nyuma ya jiko.