Ng'ombe wa Mahari Hachapwi

Didia, Jumanne jioni

Leo Baba Limi hakupiga kelele. Siku zote akifundisha watu kulima kwa plau huwahubiria mpaka sauti inakauka, nao humtazama tu, kisha huondoka. Bwana Shamba amemwambia Ijumaa ikifika bila mtu hata mmoja kukubali, plau itapelekwa kwingine. Basi kazi yake itakuwa imekwisha, arudi migodini Geita, aniache na mtoto. Wiki nzima naogopa.

Asubuhi nilimwambia, "Leo usiwaeleze. Waulize wao." Akaguna.

Nilimfuata shambani, Limi mgongoni. Mzee Masanja alikuwa ametuazima ng'ombe wawili, lakini alipoona fimbo mkononi mwa mume wangu akakunja uso.

"Hawa ni mahari ya binti yangu. Utawachapa mbele yangu?"

Watu wakacheka.

Mume wangu akasema taratibu, "Babu, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Kwanza tupa hiyo fimbo."

Akaitupa! Mzee akatangulia mbele, akapiga mbinja kama anawapeleka kunywa maji, akawaita kwa majina. Wakasita, halafu wakamfuata. Mstari wa plau ulipinda kama nyoka, lakini ulifika mwisho wa shamba.

"Kesho uilete plau kwangu," mzee akasema akihema. "Wewe shika nyuma. Mimi ndiye nitakayeongoza."

"Ndiyo, babu. Wewe ndiye mwalimu."

Sasa hivi nimefungua sanduku la safari la mume wangu, nikatoa blanketi alilokwisha kulikunja. Nimemfunika Limi.