Askari Sasa Anajua Majina

Achieng', nyar Takawiri, binti wa kisiwani,

Zimesemezana. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza kabla sijamaliza salamu, uniambie, "Boke, acha hadithi, zimesemezana ama bado?" Zimesemezana, dada yangu, zile programu zetu mbili. Tena si kwa yale majaribio yetu ya kubahatisha. Zimesemezana siku ya hatari, mchana kweupe, wodi imejaa, na zikaelewana kuliko mimi na wewe tulivyowahi kuelewana.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombana kwayo. Kijaluo chako sikukimaliza, na Kikuria changu ulikikataa ukidai maneno yake yanapanda mlima na wewe ni mtu wa maji. Basi tuendelee na hiki kilichotutosha kutukanana na kupatana.

Tangu uondoke, ofisi yako ya mafundi imepakwa rangi. Kile kitambaa cha buluu ulichofungia mita yako ya umeme nimekichukua mimi, asiniulize mtu. Fundi mpya ni kijana mzuri, anabisha hodi kabla ya kuingia kwangu, na kila akibisha nakasirika bila sababu. Wewe hukubisha hata siku moja. Mara mbili nimekupigia simu. Nilijua, Achieng'. Nilijua na vidole vikaenda tu.

Unakumbuka tulivyojuana? Si kwa heri. Mimi wa kompyuta nilikuwa na ile programu mpya ya kulinda mtandao wa hospitali, uliyokuja kuibatiza Askari. Askari anakaa mlangoni. Anatazama kila kompyuta na kila mashine iliyounganishwa, anaisikiliza inazungumza na nani, na akiishuku anaikata. Ndivyo walivyomfunza waliomleta kutoka Nairobi, ukishuku kata, maswali baadaye. Na mashine zote alizijua kwa nambari tu. Siku ile akashuku nambari moja, akaikata, na kule wodi ya watoto wachanga skrini kubwa ya mezani kwa manesi ikawa nyeusi. Ndiyo skrini inayoonyesha mapigo ya moyo na pumzi za kila mtoto mle ndani. Sista Awino, mkuu wa wodi, akabaki anakimbia kitanda hadi kitanda akitega sikio kila kifua. Mungu alikuwa zamu, hakuna aliyedhurika. Lakini wewe uliingia kwangu na bisibisi mkononi.

"Mnazima watoto wangu na hata hamjui wanaitwa nani?"

Nilikujibu vibaya, ukanijibu vibaya zaidi, kisha ukavuta kiti ukaketi. Nikajua sina namna.

Kwako mashine zote zilikuwa watoto. Kwenu mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa, nawe ukazipa mashine majina ya wakati zilioshushwa kwenye lori. Iliyofika usiku ni Atieno, ya alfajiri ni Omondi. Ile skrini kubwa ilikuja na mvua, ikawa Akoth. Mvua zilipozidi hospitali ikawa na Akoth watatu, ukawaongezea sifa kama watu matangani: Akoth wa wachanga, Akoth mwenye shingo, Akoth asiyeambiwa. Manesi wakayashika majina hayo. Mimi niliona ni mchezo wa watu wa ziwani, ambao hata jembe hulisifu kabla ya kulima. Wewe ukasema sisi Wakuria tunajua jina la kila ng'ombe zizini, sasa mashine zimetukosea nini.

Na ulikuwa na programu yako pia, ile ya kutunza vifaa. Hiyo ilijua kila mashine iko wodi gani, ilitengenezwa lini, inafanya kazi gani, na ikiharibika mbadala wake uko wapi. Ila kuhusu mtandao haikujua lolote. Askari anajua nani anazungumza na nani lakini hajui ni nani. Yako inajua ni nani lakini haijui anazungumza na nani. Ofisi zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, na hizi programu mbili zilikuwa wageni kabisa. Ukasema tuzioze.

Basi tukatembea. Wodi hadi wodi, wewe ukilala chini ya vitanda kutafuta nambari za mtandao, mimi nikiandika. Ndipo nikajua kwamba mashine za hospitali hutembea kuliko wagonjwa. Manesi wanaziazimana kama sufuria za harusi. Iliyoandikwa ya wazazi iko upasuaji, ya upasuaji iko kwa wazee. Mara ya kwanza tulipoziunganisha, Askari akatangaza kwa heshima zote kwamba televisheni ya chumba cha kungojea ni mashine ya kupumulia. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Siku hiyo tulikula samaki ufuoni Homa Bay, na ukanitolea miiba kama kawaida, ukinisuta kwamba mtu mzima anaogopa mwiba na haogopi mwanamume wa kwenu Kegonga. Nilikula huku nimekununia. Nakipenda sana kile chakula cha mchana.

Kisha presha yako ikapanda. Ulikwenda Kisumu ukisema ni vipimo tu, utarudi Jumatatu, nisiguse kitu chako. Sikugusa. Jumatatu ikaja.

Nilivuka ziwa kukuzika. Mimi, mtu wa milimani, nilifumba macho kutoka Mbita mpaka Takawiri nikishikilia koti la mchungaji nisiyemjua. Mama yako alinitambua kabla sijasema neno. Aliuliza, "Wewe ndiye Boke wa kompyuta? Huyu alikuwa anasema wewe kichwa ngumu lakini unamaliza kazi." Hasira zilinipanda pale pale kaburini, Achieng'. Ulimwambia mama yako, mimi hukuniambia.

Niliporudi, daktari mkuu aliniita. Alisema kwa upole, na hakukosea sana, kwamba ile kazi ilikuwa yako na haina mwenyewe tena. Kengele za uongo zimezidi, watu wamechoka. Tukakubaliana hivi: Askari akipiga kengele nyingine ya bure, tunavunja ile ndoa na kumrudisha alivyokuwa, akate mwenyewe akishuku. Nilitoka nikiwa na picha ya skrini nyeusi kichwani. Watu wa Nairobi nao wakanishauri nitoe majina niache nambari, eti majina ni mzigo. Niliwaambia nambari haziitiki. Nikayaweka yote, na sifa zake, hata Akoth asiyeambiwa. Kisha nikaongeza lile ulilonihubiria kila siku: mashine ikiwa na mtu, Askari asikate. Afunge njia ya nje pekee, ya ndani aiache, na amwite mwenye wodi, mimi na fundi kwa pamoja.

Nikangoja. Sikulala vizuri siku hizo, nakuambia ukweli.

Ikawa adhuhuri moja. Mtu fulani, simtaji, wewe ungemtaja na ukoo wake, alileta flashi yenye nyimbo za ohangla akaichomeka kwenye kompyuta ya Akoth wa wachanga ili zamu ichangamke. Nyimbo zikaingia na kirusi nyuma yake. Askari akaona Akoth ameanza kunong'ona na mtu wa nje asiyemjua. Zamani pale pale angekata. Safari hii aliiuliza kwanza programu yako, upande wa pili wa ukuta. Simu yangu ikalia, na ya Sista Awino, na ya fundi, ujumbe mmoja: "Akoth wa wachanga ameambukizwa. Ana watoto. Njia ya nje imefungwa. Mbadala: Atieno, stoo ya upasuaji."

Nilikimbia, Achieng', na unajua mimi sikimbii. Nilipofika mlangoni Sista Awino alikuwa ameshasema, bila kupaza sauti, "Akoth ni mgonjwa, leteni Atieno," na hakuna nesi aliyeuliza Atieno ni nani wala anakaa wapi. Fundi wako mpya alikuwa anamsukuma tayari. Akoth akaendelea kuonyesha pumzi za watoto huku tukimwasha mwenzake kando yake. Skrini mbili zikasimama pamoja, mstari kwa mstari, kisha tukamwachilia Akoth akapelekwa kuoshwa.

Bado sijafika.

Tulikuwa hatujakaa chini Atieno akalia. Si kirusi tena. Alikuwa mtoto, wa mama mmoja kutoka upande wa Migori, aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kuenea kiganjani. Unajua hao husahau kupumua. Mstari wake ukashuka. Sista Awino aliufikia mguu wake kabla sijaelewa ninachoona, akausugua unyayo kwa kidole, akasugua tena. Halafu mstari ukapanda. Mtoto akakunja uso kama mzee aliyeamshwa kanisani, akalia kidogo kwa hasira.

Ingekuwa ni ile skrini nyeusi ya zamani, manesi wawili, watoto wote wale, nani angemwona? Nani, Achieng'? Wewe ulimwona. Miaka hii yote ukitambaa chini ya vitanda ulikuwa unamwona yeye, na mimi nilidhani unatafuta nambari.

Daktari mkuu alikuja akasimama kando ya Atieno. Akauliza jina limetoka wapi, nikamweleza. Akasema programu zibaki zimeunganishwa na hataki kusikia habari ya kuzitenganisha tena. Baadaye watu wa hospitali ya Migori wakapiga simu wakitaka tuwafanyie vivyo hivyo. Nilijibu kwa sauti ya kikazi sana, nikafunga mlango wa ofisi, nikacheza. Peke yangu, na kitambaa chako begani. Tumeshinda, mwanamke wewe. Tumeshinda kabisa.

Jana yule mama wa Migori aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto ameongeza mashavu. Alinikuta kwenye ujia, akaona kitambulisho changu kifuani akadhani mimi ni mkubwa wa jikoni, akanipa mtoto nimshikie ili afunge leso vizuri. Huku akifunga akanieleza kwamba manesi ni wazuri, vitanda ni vizuri, ila ana lalamiko moja na atalisema hata kwa gavana. "Chai yenu ya wodi inakuja baridi. Mtu amezaa mnampatia chai kama maji ya mto?"

Hilo tu. Katika siku zote alizolala pale, hilo ndilo jambo baya lililomfika. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya chai, nikamrudishia mtoto, akampakata, wakatoka getini wote wawili wakipumua.

Basi lala, rafiki yangu. Jumatatu naanza Migori, na nikitoka huko nitapanda hadi zahanati ya kwetu Kegonga, hata kama ina mashine moja. Nakuahidi hivi: popote nitakapoziunganisha, akina mama watatoka na watoto wao kifuani, hawajui kuna aliyewahi kuwapigania, wananung'unika juu ya chai.

Oriti, kwaheri, Achieng'.

Boke wako, kichwa ngumu