Asilimia Sita Nukta Tisa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko, na magoti yako yanasemaje? Bado unavaa soksi mbili mbili kwenda kazini? Natumaini barua hii itakukuta umetoka zamu, umekaa, miguu iko juu ya kiti, maana ni ndefu. Sisi huku wazima kabisa. Baba anashona, Mama anamkumbusha kula, na mimi ofisi na nyumba, nyumba na ofisi.

Najua benki yako imeshakuandikia matokeo ya ule mnada wa hati fungani za dola. Na juzi tulipigiana kelele kwenye simu, wewe uko mlangoni unaingia wodini. Lakini siku yenyewe ilivyokwenda hujui, na nisipokusimulia nitapasuka.

Kwanza uniwie radhi. Uliponipigia mwezi uliopita ukasema, "Si wewe unakaa humo humo, ofisi inayoendesha mnada? Niambie tu niandike ngapi," nikakujibu, "Shangazi, hilo siwezi," nawe ukakata simu. Umenilipia shule tangu darasa la kwanza, halafu mimi nakunyima tarakimu mbili! Lakini hata ningetaka, sikuwa nazo. Serikali inakopa dola, na kila anayetaka kuikopesha anaandika kwenye bahasha faida anayoitaka kwa mwaka. Wanaotaka kidogo wanachukuliwa kwanza, wanafuata waliopanda kidogo, mpaka kiasi kitimie. Kila aliyechukuliwa anapata alichoandika. Ukiandika chini sana unajipunja, ukipanda sana unaachwa nje. Mstari utakatwa wapi, hakuna ajuaye mpaka bahasha zifunguliwe.

Kesho yake ukanitumia ujumbe: "Nimeandika sita nukta tisa. Haya, endelea kunyamaza." Ulikuwa unanitania au umenuna? Mpaka leo sijui. Ila ujumbe ule ulinitia matatani, maana nilikuwa nimepangwa kuwa mmoja wa watu watatu wa kufungua hizo bahasha.

Nikaenda kwa mkuu wetu. Tunamwita Rula, kwa sababu mambo yake yamenyooka, na hata fomu ya likizo anaipigia mstari. Nikamwonyesha simu. Akavua miwani.

"Wewe umemwambia chochote?"

"Hapana, mama."

"Basi siku hiyo hugusi bahasha, hugusi daftari, chumba chenyewe hukisogelei. Utakaa mapokezi, upokee simu."

Shangazi, miaka minne nimeusubiri mnada huu, wa kwanza wa dola hapa kwetu! Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini. Nafasi yangu akapewa mwenzangu tunayemwita Redio, ambaye hata chai aliyokunywa asubuhi lazima aitangaze.

Alhamisi ikafika. Sanduku la chuma lenye kufuli mbili likawekwa ukumbini, mbele ya macho yangu, na lilikuwa linafungwa saa tano kamili. Watu wa mabenki wakawa wanaingia, wanasaini, wanatumbukiza bahasha, wanaondoka. Nilikuwa nawahesabu kimoyomoyo. Mpaka saa tano kasoro kumi walikuwa wamefika wote isipokuwa mmoja. Benki yako, Shangazi! Benki yenye maombi yako!

Saa tano kasoro saba nikamwona mjumbe wao kupitia kioo cha mlango. Mtu mzima, kipara kinang'aa kwa jasho, tai imerukia begani, bahasha mkononi, anabishana na mlinzi getini. Amesahau kitambulisho. Na mlinzi wetu ukimkuta amekaza, hata waziri angesubiri nje.

Kutoka kiti changu mpaka getini ni hatua thelathini. Mlinzi ananijua. Neno langu moja lingetosha. Nikakishika kile kiti kwa mkono mmoja kama kinataka kukimbia, mkono wa pili nikapokea simu iliyokuwa inalia, sikusikia hata anayeongea anataka nini. Yule bwana anapekua mifuko: leso, funguo, kitana (sijui cha kazi gani), miwani. Saa tano kasoro tatu. Akavua koti zima akalikung'uta kama mtu aliyeingiwa na siafu, na kitambulisho kikaanguka chini. Kumbe kilikuwa kimetoboa bitana!

Alivuka ule ukumbi kwa mbio ambazo sikudhani tumbo lile linaziweza. Bahasha ikaingia. Rula akatazama saa ya ukutani, akasubiri sekunde zake zote zitimie, ndipo akafunga. Nami ndipo nikasikia sauti masikioni mwangu: "Haloo? Dada, bado upo?" Nilikuwa sijaikata ile simu.

Wakapanda na sanduku juu, wakajifungia. Mchana Redio akashuka kunywa maji. Akanipita bila neno! Uso kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikasema moyoni, basi, Shangazi ameachwa.

Saa tisa wakabandika matokeo ubaoni. Watu wa mabenki wakauzonga ubao, mimi nikasimama nyuma kwa ncha za vidole. Nikasoma: kiwango cha juu kilichokubaliwa, sita nukta tisa. Nikasoma tena. Nikafumba macho, nikafumbua, bado sita nukta tisa, na chini yake imeandikwa kwamba walioandika kiwango hicho wamechukuliwa wote.

Pembeni yangu bwana mmoja wa benki kubwa alikuwa anajifuta shingo. "Tumeandika saba," akaniambia. "Tumetoka kapa." Nikampa pole huku nimeuma midomo nisije nikamchekea usoni.

Umeelewa lakini? Hakuna aliyepata zaidi yako! Wapo matajiri walioandika sita, wapo walioandika sita na nusu, na wana kompyuta na washauri. Wewe umekisia ukiwa chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, ukagusa ukingo kabisa na usidondoke!

Nilipanda ngazi za nyumbani mbili mbili. Unamjua Baba, tangu mwanzo alikuwa anasema watakuzungusha. Akasimamisha cherehani. "Hebu nieleze taratibu." Nikamweleza. "Kwa hiyo," akasema, "serikali inadaiwa na dada yangu?" Nikamwambia ndiyo, miaka mitano, na faida yako kila miezi sita. Akashuka peku, tepu bado inaning'inia shingoni, kwenda kumwambia fundi wa miwani. Akarudi, akapanda ghorofa ya tatu. Mama akamfuata kwenye ngazi: "Baba watoto, hayo ni mambo ya mtu!" Naye akajibu, "Namwambia mmoja tu, wa mwisho."

Tulipokaa kula akaniuliza kama hiyo faida itatosha wewe uache zamu za usiku. Nikamwambia ndivyo ulivyopanga. Akakata tonge, hakulila. "Miaka ishirini na mbili anakesha na wagonjwa wa watu," akasema. "Basi na alale." Mama akainuka kwenda kutafuta maji ambayo yalikuwa mezani.

Sasa sikia la mwisho. Ijumaa Rula aliniita. Nilijua nimekosea kitu. Akasema alikuwa kwenye ngazi, anashuka kuja kufunga sanduku, wakati wa vurugu za getini, na aliniona nilivyokaa bila kuinuka. Mnada mwingine wa dola ni mwezi wa tisa, na atakayefungua bahasha na kuyasoma matokeo mbele ya watu wote ni mimi. Mimi, Shangazi! Kwa hiyo nakupigia magoti: ikikujia hamu ya kuikopesha serikali tena, ivumilie mpaka mwaka ujao. Mwezi wa tisa niache nikae chumba cha bahasha.

Baba anakusalimu kuliko wote, wifi yako anasema ujipake mafuta ya magoti asubuhi na jioni, na fundi wa miwani anauliza kama una mchumba. Mungu akulinde uendako na utokako, na usingizi wako uwe mtamu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ukinikatia simu.